Taa Ikizimika, Uliza Imezimwaje

Mji wa Kale wa Mombasa, mtu anayeijua kofia ya mkono haanzi kwa kuyasifu maua yake. Huigeuza ndani nje, akaisogeza karibu na jicho, akatazama nyuzi zilivyomalizwa. Upande wa nje kila mshonaji hujitahidi. Ndani ndiko anakojisahau. Wazee wa barazani nimewaona wakifanya hivyo tangu utotoni, na sikudhani ujuzi huo ungekuja kunifaa chini ya boneti ya Land Cruiser.

Gari lenyewe ni la injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita ya lita 4.2. Nilipolinunua lilikuwa limekwisha kuinuliwa springi, limevishwa winchi, taa mbili kubwa juu ya bampa, betri ya pili na friji. Magari ya namna hii si haba hapa kisiwani, ingawa barabara zetu haziyahitaji. Wenyewe huyapeleka Tsavo, Shimba Hills au maporini huko Garsen, na wakirudi huyaegesha karibu na Fort Jesus, maana Ndia Kuu haina nafasi ya mabega yao. Wakute kwenye kahawa uwasikilize: karibu kila mmoja ana hadithi ya taa ya dashibodi iliyowaka, ikazimwa, ikawaka tena.

Nimejifunza kwa hasara kutompima fundi kwa taa kuzimika. Taa huzimika kwa njia nyingi, na baadhi yake ni za aibu. Kazi ya umeme wa gari hupimwa kama ile kofia, kwa upande usioonyeshwa mteja, na mtu asiyejua hata kushika bisibisi anaweza kujifunza kuutazama upande huo.

Adui kwanza. Shaba ikikutana na chumvi na unyevu hugeuka kijani, na kijani hicho kinaukwaza umeme. Kusi ikivuma, egesha gari Mama Ngina jioni moja tu uone kioo cha mbele kilivyopata ukungu wa chumvi. Ukungu huo huo umeingia penye kila waya uliochunwa na kufungwa tepu. Tepu nyeusi, kwa joto letu, hutokwa na gundi, hulegea, ikawa soksi iliyoshika maji. Kazi ambayo ingedumu Nanyuki huenda hapa isimalize kaskazi mbili. Kwa hiyo fundi akikuambia, "Hivi ndivyo nilivyofunga ya Nairobi, haijasumbua," mpongeze, kisha uulize ya Mombasa.

Shida yangu ilikuwa taa tatu kwa pamoja: ya betri, ya breki, na ile ya chujio la dizeli inayoashiria maji kwenye mafuta. Ziliwaka usiku, nimepita Mariakani naelekea Taru, zikakaa kwa muda, zikazima zenyewe. Wiki mbili baadaye, tena. Fundi wa kwanza alinibadilishia breki. Wa pili alifungua chujio, hakukuta maji, akaweka chujio jipya hata hivyo. Wa tatu aliniuzia betri, kwa sababu niliyokuwa nayo ilikuwa ikikauka maji kila mara. Wote watatu walinirudishia gari taa zikiwa zimezima, nami nikalipa kwa shukrani. Sikufikiri kwamba mchana, mjini, taa hizo hazikuwa zikiwaka hata kabla hawajaligusa.

Kwenye dizeli nyingi za Toyota za umri huo, taa ya breki na ya chujio hufuata mkondo wa taa ya kuchaji. Ukigeuza ufunguo kabla ya injini kuwaka, zote tatu huwaka, ili ujue balbu ni nzima. Altaneta ikianza kuchaji, zote huzimika. Basi altaneta ikisita, au mtambo wake ukidhani imesita, zote tatu hurudi. Hapo breki na dizeli hazimo kabisa. Anayelijua hili ataenda moja kwa moja kwenye altaneta. Asiyelijua atavua magurudumu. (Taa ya breki ikiwaka peke yake ni habari nyingine: simama, tazama mafuta ya breki, usiendelee kwa kubahatisha.)

Fundi wa nne, mzee mmoja wa Majengo, hakufungua boneti. Aliketi kwenye kigoda chake akaniuliza, "Mwanangu, zawaka usiku au mchana?"

"Usiku, mzee."

"Na hizo taa za bampa wazitumia wapi?"

Nje ya mji tu, nikamwambia. Ndani ya kisiwa nitamulika nini?

"Haya, piga stata uziwashe sasa."

Ilikuwa saa tano asubuhi, jua la utosi. Nikaziwasha, na taa tatu zikachomoza dashibodini kama zilizokuwa zikisubiri kuitwa.

Ndipo alipofungua boneti. Altaneta ya gari hili ina waya mwembamba ambao kazi yake ni kupima volti ya betri na kuipasha habari regyuleta. Aliyefunga taa za bampa alihitaji umeme wa kuamsha rilei, akauona waya huo uko karibu, akauuma kwa kile kibanio cha plastiki kinachotoboa ganda bila kulichuna. Chumvi ikaingia kwenye tundu. Nyuzi za shaba zikaoza, zikabaki mbili tatu. Nikiwasha taa za bampa, rilei ilivuta umeme kupitia nyuzi hizo chache, volti ikaanguka njiani, na regyuleta ikasoma kwamba betri imekufa, ikawasha taa ya kuchaji na nyingine mbili zikafuata. Hata taa za bampa zilipokuwa zimezimwa regyuleta ilikuwa ikisoma pungufu kidogo, ikaongeza nguvu isiyohitajika. Ndiyo iliyokuwa ikiichemsha betri na kuikausha maji. Betri niliyouziwa ingekaushwa vile vile.

Waya mmoja, urefu wa kidole. Breki zangu za zamani zilikuwa nzima.

Tangu siku hiyo naamini kazi nzuri huanza kujulikana kwenye swali la kwanza. Fundi hodari huuliza lini, wapi, gari likiwa moto au baridi, nini kimefungwa juu yake na nani alikifunga. Na kisiwa chetu, kwa bahati, ni meza ya majaribio kwa anayejua kuisoma. Taa ya breki inayochungulia gari likiteremka kwenye mteremko wa feri pale Likoni, kisha ikazima likisimama sawa, aghalabu inasema mafuta ya breki yamepungua: boya ndani ya kopo limeegemea upande. Taa ya kuchaji inayofifia nyekundu kwenye foleni ya Digo Road, feni na kipozahewa vikiwa vimewashwa, kisha ikapotea ukikanyaga mafuta, inakupeleka kwenye altaneta isiyotosheka kwa mwendo mdogo, au mkanda unaoteleza. Inayowaka kwenye matuta pekee ni kitu kilicholegea. Inayokuja asubuhi baada ya mvua na kwisha adhuhuri ni maji, na maji lazima yawe na mlango. Inayokuja tu baada ya saa mbili za joto huenda ni kifaa chenyewe kinachokufa polepole. Dayodi za altaneta zina tabia hiyo. Mteja akija na habari za namna hii, kazi huwa nusu. Mimi nilikuwa nimekuja na neno "zinawaka" tu.

Baada ya swali, tazama mkono unakwenda wapi. Ukienda kwenye spana, una mashaka. Ukienda kwenye mita, tulia. Testa ya balbu ni chombo kizuri cha kujua kama umeme upo au haupo, lakini haisemi ni kiasi gani, na maradhi mengi ya magari yaliyobadilishwa ni ya kiasi. Namba si nyingi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.4 ni afya, na adhuhuri ya Februari usishangae ikishuka kidogo, kwani regyuleta hupunguza yenyewe kunapokuwa na joto. Ikipita 14.8 betri inapikwa. Fundi anayeijua kazi ataigeuza pia swichi ya mita kwenye umeme wa kupishana, aguse betri injini ikiwaka: akikuta zaidi ya nusu volti, dayodi zimekufa, hata kama ile namba ya kwanza ilipendeza. Nimekutana na mafundi wa miaka mingi wasiolijua jaribio hili, na vijana wa Tononoka wanaolifanya bila kufikiri.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha ethi, kwa sababu ndiko kila mtu anakofanya haraka. Watu huutazama waya mwekundu kwa heshima, ule mweusi wakaufunga popote penye bolti. Lakini umeme wote uliokwenda sharti urudi. Washa taa zote na feni, uweke ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa injini, kisha kwenye chesisi, kisha kwenye bodi. Isizidi 0.2. Ukipata nusu volti, katikati pana rangi, kutu, au bolti iliyofungwa kwa matumaini. Magari yetu hupigwa rangi upya mara kwa mara kwa sababu ya kutu, na mpaka rangi hana habari na umeme. Hupaka hata pale waya wa ethi ulipokaa, kisha hurudisha waya juu ya rangi. Dashibodi ikianza vituko wiki moja baada ya gari kutoka kwa mpaka rangi, usianze kununua sensa. Ethi iliyofungwa na bingwa utaijua kwa jicho: chuma kimekwanguliwa hadi kung'aa, duara la ukubwa wa sarafu, kichwa cha waya kimekaa bapa, bolti imekazwa, kisha ndipo grisi au rangi ikapakwa juu yake kuzuia hewa. Mpangilio huo ukigeuzwa, grisi kwanza au rangi kwanza, urembo umebaki na kazi imeondoka.

Waya wenyewe uombe kipande, ukikwangue kwa wembe. Ziko nyaya za bei rahisi, nono za kupendeza, ambazo ni nyekundu nje na nyeupe ndani: alumini iliyovishwa shaba. Hizo zina ukinzani mkubwa kuliko shaba ya unene uleule, na chumvi ikizipata huliwa hadi kuwa unga. Ziko nyingine ambazo ni nyeupe nje na nyekundu ndani: shaba iliyopakwa bati, ambayo mafundi wa boti huitumia kwa sababu bati huizuia shaba isigeuke kijani. Mtu asiyejua akionyeshwa zote mbili atachagua ya kwanza, kwa kuwa inafanana zaidi na shaba. Kwa gari linaloishi kisiwani sioni sababu ya kutolipia ile ya boti, walau kwa ethi na kwa chochote kilicho mbele ya radieta.

Kwenye maungio usione haya kuvuta. Kichwa kilichobanwa kwa koleo la kazi hiyo hakitoki kwa mkono. Kilichopondwa kwa koleo la kawaida hutoka, na heri kitoke mbele ya fundi kuliko Maungu usiku. Lehemu ina wapenzi wake, nami zamani nilikuwa mmoja wao, lakini hufanya waya kuwa mgumu mahali ilipoishia, na mtikisiko wa barabara ya changarawe huukata papo hapo. Uungaji wa kubana, ukafunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani, ndio unaostahimili bahari. Utaona kitone cha gundi kimechungulia pande zote mbili. Vile vibanio vinavyouma waya sitavitaja tena.

Kisha kuna njia ya waya. Unapopenya chuma, tundu liwe na mpira. Usikaribie ekzosi. Ufungwe kila baada ya shubiri mbili hivi, usining'inie. Na kabla ya kuingia kwenye rilei au soketi, utelemke chini kidogo ndipo upande, ili maji yanayoufuata yadondoke pale chini badala ya kuingia ndani. Mteremko huo mdogo haugharimu chochote. Nikiuona kwenye gari la mtu huuliza ni nani fundi wake.

Fyuzi iko kwa ajili ya waya, hailindi taa. Basi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana. Ikiwa chini ya usukani, ule waya wote unaotoka betri hadi pale hauna mlinzi, na ukichunika utawaka moto fyuzi ikiwa imekaa salama. Fyuzi ya ampea 30 juu ya waya mwembamba ni kasoro hata kama haijawahi kuungua, na kwa kweli hiyo ndiyo kasoro yake. Taa zangu mbili ni za wati 100 kila moja. Jumla yake ni karibu ampea 17. Hesabu hii fundi aifanye mbele yako, kwa sauti.

Winchi ina sheria zake. Ikielemewa huweza kuvuta ampea 400, na altaneta ya kiwandani ya gari la umri huu haifiki hata 100. Tofauti hutoka kwenye betri. Kwa hiyo winchi irudishe ethi yake kwenye betri yenyewe kwa waya mnene, isiitegemee chesisi. Ikiitegemea, kila ukijikwamua kwenye tope utaona dashibodi ikipepesa kama mti wa Krismasi. Waliozoea Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 kwa ajili ya uzio wa Aberdare, ambako mshindi ni aliyefika vituo vyote kwa masafa mafupi kabisa, wanalijua hilo. Masafa mafupi maana yake ni korongo, na korongo maana yake ni winchi.

Kidogo kuhusu balbu za LED, kwa kuwa vijana huzipenda. Balbu ndogo ya taa ya kuchaji ina kazi mbili: kukuonya, na katika magari mengi ya zamani, kupitisha umeme mdogo unaoiamsha altaneta. Ukiweka LED mahali pake, umeme huo haupiti wa kutosha. Utawasha gari na altaneta italala hadi uikanyagie mafuta. Wakati mwingine LED hubaki ikififia hata kila kitu kikiwa kizima, kwa kuwa inatosheka na uvujaji ambao balbu ya kawaida isingeuhisi. Ukimkuta fundi anayeuliza, "Dashibodi imebadilishwa balbu?" kabla ya kugusa altaneta, muombe namba ya simu.

Magari mapya zaidi, Prado za mtumba zinazoshushwa Kilindini na maandishi yao ya Kijapani, huleta taa za ABS na jamaa zake. Gari likiinuliwa, gurudumu hushuka chini kuliko lilivyokusudiwa, na waya wa sensa ya ABS haukurefushwa. Barabarani uko sawa. Mguu mmoja ukining'inia mtaroni, waya hukazika, taa huwaka. Mtu atakubandikia kompyuta, isome sensa ya gurudumu la mbele kushoto, akuuzie sensa. Kompyuta haikukosea, ila imetaja mtaa tu, haikutaja nyumba. Fundi mzuri atainua gari, auache mguu uning'inie, atazame waya.

Na zile njia za aibu. Geuza ufunguo, usipige stata, uhesabu taa. Kila taa ya onyo inapaswa kuwaka hapo, kisha izime kwa wakati wake. Isiyowaka imetolewa balbu au imebandikwa tepu nyuma. Wajanja zaidi huunganisha taa ya mfuko wa hewa na taa ya oili, ziwake pamoja na kuzima pamoja, na mnunuzi aridhike. Zitazame kwa makini: zikizima kwa nukta moja kama mapacha, mmoja wao si wa nyumba ile. Mimi huhesabu taa kwenye gari la mtu yeyote anayeniomba ushauri wa kununua, kabla sijatazama hata tairi.

Yule mzee wa Majengo aliponimalizia kazi alinichorea kwenye karatasi kila waya aliouongeza, rangi yake na fyuzi yake, akaikunja na kuniambia niiweke garini, nisiipeleke nyumbani. Kile kipande cha waya wa kijani alikifunga pamoja nayo. Kimekaa kwenye sahani ya majivu mpaka leo, na nikifika kwa fundi nisiyemjua humpa mkononi bila maelezo. Wengi hukitazama wakanirudishia. Mmoja alidhani nataka kukiuza. Kijana mmoja wa Tononoka alikikwaruza kwa ukucha, akazihesabu nyuzi zilizobaki, akaniuliza kilikuwa kikitoka betri au kikienda. Huyo nilimwachia ufunguo nikaenda zangu kunywa kahawa.